Sura ya 5: Kisia Kwanza – Sherehe ya Kuzaliwa ya Mwanasayansi Mdogo

"Mtoto wangu anataka bathdei ya sayansi. Sasa maabara nitaitoa wapi?"

Wazazi wa Eldoret huniuliza swali hili kila mara, hasa mtoto anaporudi kutoka shuleni akisimulia jinsi mwalimu alivyofokesha povu kutoka kwenye chupa. Mzazi akilisikia neno sayansi hukumbuka chumba kimoja cha shule ya upili: meza ndefu, vichomeo vya gesi, chupa za vioo, na mtihani uliomtoa jasho. Anaogopa gharama. Zaidi ya gharama, anaogopa kuulizwa. Mtoto wa miaka sita akishasema "kwa nini?" mara nne mfululizo, ya tano utamjibu nini?

Maabara unayo tayari. Ina jiko, beseni, maziwa, magadi na ua wenye nyasi. Tena iko kwenye mwinuko wa mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na hilo peke yake ni jaribio ambalo mtoto wa Mombasa hawezi kulifanya nyumbani kwao. Sura hii ni ya watoto wa miaka minne hadi minane, na vitu vyote vilivyotajwa humu utavipata sokoni, kwenye duka la mtaani au kabatini mwako.

Sherehe mbili za mtoto mmoja

Binti yangu alipotimiza miaka mitano nilimwandalia sherehe ya kwanza ya sayansi. Nilivaa koti jeupe, nikasimama nyuma ya meza, nikawakalisha watoto kumi na wawili kwenye mkeka mbele yangu. Nilifokesha povu. Nilibadilisha maji ya zambarau yakawa ya waridi. Walipiga makofi. Baada ya robo saa wawili walikuwa wamekwisha kugombana, na mmoja alikuwa akiuliza keki inakuja lini. Usiku nilimwuliza binti yangu alipenda nini zaidi. Akanijibu, "Ule uchawi wako."

Jibu hilo lilinikosesha usingizi. Nilikuwa nimewaonyesha watoto mazingaombwe. Mfanya mazingaombwe huificha njia yake, na mtazamaji hukaa mbali akishangaa. Mwanasayansi huiacha njia wazi, ili yeyote anayetaka airudie kwa mikono yake na kuona kama jambo litatokea tena. Mimi nilikuwa nimeishika mikono ya watoto wote kumi na wawili kwa muda wa sherehe nzima.

Mwaka uliofuata koti lilibaki kabatini. Vijiko walishika wao. Walimwaga, wakachovya, wakanusa, wakabishana. Kabla ya kila jaribio kila mtoto alitaja anachodhani kitatokea, na hapakuanzwa lolote mpaka wa mwisho aseme. Tulichelewa kukata keki kwa sababu hawakutaka kuondoka mezani.

Kukisia kabla ya kugusa

Wanasayansi hutumia maneno *nadharia tete*. Maana yake ni kisio linaloweza kupimwa. "Nadhani hili chungwa litazama" ni nadharia tete kamili, kwa kuwa beseni likiwapo, jibu litapatikana papo hapo. "Chungwa ni tamu kuliko yote" si nadharia tete, maana kila mtu ana ulimi wake.

Anza na chungwa hilo hilo. Jaza beseni maji. Weka vikombe viwili, kimoja cha kuzama na kingine cha kuelea, umpe kila mtoto kizibo kimoja cha soda akitumie kupiga kura. Kisha mwenye siku yake alitumbukize chungwa. Litaelea. Sasa limenye, wapige kura tena, na hapo ndipo kelele huanza: limepungua uzito, kwa hiyo wengi watasema litaelea zaidi. Likitumbukizwa, linazama. Ganda la chungwa lina nafasi nyingi ndogo zilizojaa hewa, nalo hulibeba tunda kama vile jaketi la kuokolea linavyombeba msafiri wa boti kule Ziwa Victoria. Ukilivua ganda, umelivua chungwa jaketi lake.

Angalia sana unavyompokea aliyekosea. Mkubwa akicheka, au akisema "si nilikwambia", mtoto yule hatakisia tena siku hiyo, na huenda wiki nzima. Mimi husema, "Wewe ulidhani litaelea. Nini kilikufanya udhani hivyo?" Mara nyingi sababu yake ni nzuri kuliko ya aliyepatia.

*Kwa ufupi:* mtoto akisie, afanye, aangalie, aeleze. Ukibanwa na wakati, punguza idadi ya majaribio, lakini usiruke hatua ya kukisia.

Mji ulio juu

Mwaka ule wa pili wa sherehe shangazi wa binti yangu alipanda kutoka Mombasa na pakiti za krispi. Zilipotolewa kwenye mkoba zilikuwa zimevimba, zimekaza kama ngoma. Mtoto mmoja wa chekechea, PP2, alisema zimejaa kwa sababu ya safari ndefu. Kwa namna fulani alikuwa amepatia.

Hewa ina uzito. Aliye pwani amebeba juu yake hewa yote, kutoka usawa wa bahari hadi inapoishia huko juu angani. Aliye Eldoret tayari amepanda juu ya sehemu ya hewa hiyo, kwa hiyo inayomkandamiza ni kidogo: kama asilimia 78 ya ile ya pwani. Pakiti ilifungwa kule chini, na hewa iliyomo ndani bado inasukuma kwa nguvu za kule chini. Hewa ya huku nje inasukuma kwa unyonge. Pakiti inatanuka.

Unaweza kulifanya jaribio hili kinyumenyume kabla ya siku ya sherehe. Mkipata safari ya bonde la Kerio, simameni Iten, mtoto afungue chupa tupu ya plastiki, aifunge tena kwa nguvu, kisha mteremke. Hadi mfike chini bondeni, zaidi ya mita 1,000 chini ya Iten, chupa itakuwa imebonyea mbavu kana kwamba kuna mtu aliyeifinya. Irudisheni nyumbani bila kuifungua. Itajinyoosha njiani. Kwenye sherehe mtoto ataweza kusimulia kitu alichokishuhudia mwenyewe.

Mwinuko huo huo ndio unaoamua githeri yako iive lini. Maji huchemka pale mvuke wake unapoweza kuishinda hewa inayoyakandamiza kutoka juu. Pwani hilo hutokea kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Eldoret hutokea kwenye nyuzi 93 hivi. Ongeza kuni upendavyo, maji ya sufuria iliyo wazi hayatapanda zaidi ya hapo. Yatachemka kwa fujo zaidi tu. Maharagwe yanapikwa na maji yasiyo na joto la kutosha, ndiyo maana yanakaa jikoni muda mrefu kuliko kwa jamaa zako wa Kilifi. Sufuria ya presha hufunga mvuke ndani ili ukandamize maji, na joto lipande.

Watoto wenyewe hawahitaji nambari hizi siku ya sherehe. Wape kitu cha kusikiliza. Chukua vile vibomba vya kadibodi vinavyobaki karatasi ya chooni ikiisha, kila mtoto akiweke kifuani mwa mwenzake, sikio upande wa pili. Kisha wakimbie kuuzunguka ua mara tatu na kusikiliza tena. Karibu kila mtoto wa hapa amewahi kuwaona wanariadha barabarani alfajiri. Waambie kwamba kila pumzi ya huku juu ina oksijeni kidogo, ile sehemu ya hewa inayohitajiwa na mwili, na mwili unaokaa huku hujifunza kutengeneza chembe nyekundu nyingi zaidi za damu ili ziibebe. Hawataki zaidi ya hapo. Watataka kukimbia tena.

Meza ya povu

Hakuna sherehe ya sayansi ya mtoto mdogo isiyokuwa na volkano, nami siipingi. Napinga tu kuifanya vibaya.

Kila mtoto awe na kikombe chake. Weka ndani yake kijiko kimoja cha magadi soda, tone la sabuni ya kuoshea vyombo na rangi ya chakula. Pembeni weka siki, maji ya ndimu na maji matupu, kila kimoja kwenye kikombe kisicho na jina. Swali ni moja: kipi kati ya hivi vitatu kitaamsha povu? Wanakisia, wanajaribu. Siki na ndimu zinafoka. Maji hayafanyi kitu, na wapo watakaoongeza maji hadi kikombe kifurike wakitumaini. Waache. Wanapata kujua kwamba "hakuna kilichotokea" nalo ni jibu.

Siki na ndimu ni *tindikali*, yaani vitu vikali kwa asili, vile vinavyokunja uso. Magadi ni *alikali*, jamaa wa majivu na sabuni. Zikikutana huzaa gesi ya kaboni dayoksaidi, ambayo imo katika hewa unayotoa puani, ndiyo inayokwaruza ulimi ukinywa soda, na ndiyo iliyoinua keki inayowangoja. Mtoto akijua hivyo ataikata keki na kutazama vile vitundu kwa jicho jingine. Kila kitundu ni mahali ambapo gesi ilikaa.

Magadi yenyewe yana kwao: Ziwa Magadi, kusini mwa nchi katika Kajiado, ambako yamechimbwa kwa zaidi ya miaka mia moja. Wapishi huyatia kidogo kwenye maharagwe yaliyokataa kulainika, na sasa unajua kwa nini jiko la huku juu linayahitaji.

Nakuomba jambo moja, mzazi. Usiwaambie watoto kwamba mlima wa moto hulipuka kwa sababu ya siki. Volkano ya kweli ni mwamba ulioyeyuka kwa joto ardhini, wenye gesi iliyobanwa ndani yake kama soda iliyotikiswa. Njia ikifunguka, gesi hutoka na kuusukuma mwamba juu. Mwamba huo ukishatoka huitwa *lava*. Wapeleke nje wakanyage chini kwa miguu. Sehemu kubwa ya uwanda wa Uasin Gishu ni lava iliyotiririka na kuganda mamilioni ya miaka iliyopita, na ngano na mahindi ya kaunti hii yamemea kwenye udongo uliotokana na mwamba huo. Nilipowaambia, mvulana mmoja alilala kifudifudi akaweka sikio kwenye nyasi. Sikumwinua.

Ukipata kabeji ya zambarau, ikatekate, ichemshe, uchuje maji yake na uyaache yapoe. Maji hayo hubadilika rangi kulingana na kinachotiwa: ndimu huyafanya ya waridi, magadi soda huyapeleka kwenye buluu na kijani. Hii ndiyo ile rangi niliyoionyesha kama uchawi mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili niliwapa watoto maji ya kabeji katika vikombe vidogo na vitu sita vya kujaribu: ndimu, magadi, chumvi, sukari, maziwa lala na sabuni. Waligundua wao wenyewe kwamba maziwa lala yako upande wa ndimu, na hapo mazungumzo yakahamia kwenye maziwa.

Maziwa, na kijana wa Magamba

Eldoret ni mji wa maziwa, basi yatumie. Mimina maziwa mabichi yenye mafuta kwenye sahani pana, dondoshea rangi ya chakula sehemu tatu nne, kisha mtoto achovye kijiti kwenye sabuni ya vyombo na kugusa katikati. Rangi zitakimbia. Uso wa kila kimiminika umekazana kama ngozi nyembamba. Sabuni huichana ngozi hiyo na pia hukimbilia mafuta yaliyomo. Mguso mmoja, dakika mbili za utulivu kamili chumbani. Maziwa yaliyoondolewa mafuta hayachezi vizuri hivyo, na ukiwa na sahani mbili watoto wataiona tofauti.

Halafu mwite bibi. Kwetu alikuwepo *kogo*, bibi mzaa baba, ameketi kando akitazama vikombe vyetu kwa subira. Mtoto alimwuliza, "Kogo, mbona mursik haiozi?" Akaeleza kila kitu kuhusu maziwa hayo ya kibuyuni bila kuinuka: kibuyu, *sotet*, kilivyooshwa na kukaushwa, kijiti cha *senetwet* kilivyochomwa na makaa yake kusuguliwa ndani, maziwa yaliyochemshwa, yakapoa, yakafungiwa humo siku kadhaa. Mimi niliongeza sentensi moja tu, kwamba ndani ya kibuyu huishi viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, bakteria, ambao hula sukari ya maziwa na kuigeuza tindikali, na vile vinavyoozesha haviwezi kustawi penye tindikali hiyo. Kogo akatikisa kichwa, akasema hata ukali unajulikana kwa kunusa. Watoto walipanga foleni kunusa. Mwaka ule wa koti jeupe bibi huyu alikuwa amekaa pale pale na sikumwuliza neno.

Kwa aiskrimu, tumia mikebe. Vitabu vya nje hupendekeza mifuko ya plastiki, lakini tangu Agosti 2017 mifuko ya kubebea imepigwa marufuku nchini, na mkebe ni bora hata hivyo kwa sababu unabingirika. Chukua kopo dogo lenye kifuniko cha kukaza. Tia kikombe kimoja cha maziwa, krimu kidogo ukiwa nayo, na vijiko viwili vya sukari. Funga, zungusha utepe. Liweke ndani ya mkebe mkubwa, lizungushie vipande vya barafu na nusu kikombe cha chumvi, funga tena. Watoto wakae nyasini wakisukumiana mkebe kwa miguu kwa dakika ishirini. Chumvi huilazimisha barafu iyeyuke hata ikiwa chini ya nyuzi sifuri, na ili iyeyuke lazima ivute joto kutoka mahali fulani. Inalivuta kutoka kwenye maziwa. Mkebe usishikwe kwa mikono mitupu. Unaunguza kwa baridi.

Wakati mkebe unabingirika, wasimulie habari za Erasto Mpemba.

Mwaka 1963, katika shule ya sekondari ya Magamba, wilayani Lushoto nchini Tanzania, wavulana walikuwa wakijitengenezea aiskrimu. Walichemsha maziwa, wakachanganya sukari, wakayaacha yapoe kabla ya kuyatia kwenye friji. Nafasi ilikuwa haba. Mpemba, kijana wa kidato cha tatu, aliona atakosa, akayaingiza yake yakiwa bado moto. Aliporudi, yake yalikuwa yameganda, na ya mwenzake aliyeyatia bila kuyachemsha yalikuwa bado uji uji. Alimwuliza mwalimu wake wa fizikia. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Aliuliza tena baadaye, na darasa likageuza swali lake kuwa mzaha.

Hakuliacha. Akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alikuja mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Denis Osborne, mwalimu wa fizikia. Mpemba alisimama mbele ya wote akauliza lile lile: kwa nini maji ya moto yanaweza kuganda kabla ya ya baridi? Wenzake walicheka. Osborne hakucheka, alirudi Dar, akalijaribisha. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala pamoja, na leo jambo hilo linaitwa duniani kote kwa jina la Mpemba. Wanafizikia bado wanabishana kuhusu lini hutokea, kwa nini, na hata kama hutokea kila linapodaiwa. Kila baada ya muda maabara fulani hulijaribu upya. Mabishano hayo yote yalianzia kwenye aiskrimu ya mwanafunzi aliyeogopa kukosa nafasi.

Binti yangu aliposikia, aliuliza swali moja: "Yule mwalimu aliomba msamaha?" Sikuwa na jibu, nikamwambia sijui. Neno "sijui" lisemwe mara moja au mbili katika sherehe ya namna hii, na lisemwe kwa sauti. Lifuatishe na "tunaweza kujuaje?"

Roketi ya siku ya kuzaliwa

Funga uzi kati ya miti miwili, upitishe kwenye mrija wa kunywea. Puliza baluni, ubane mdomo wake kwa vidole, uibandike kwenye mrija kwa utepe. Achilia. Hewa inatoka nyuma, baluni inakwenda mbele, na roketi ya kweli huenda kwa sheria hiyo hiyo. Wapime nani amefika mbali, na wakisie kama baluni ndefu itaishinda ya mviringo.

Hapa pana hadithi inayofaa mtoto anayetimiza miaka saba. Tarehe 12 Desemba 1970 Kenya nayo ilikuwa inatimiza miaka saba ya uhuru. Siku hiyo, kutoka kwenye jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na Malindi, iliruka setilaiti ya Marekani. Setilaiti ni chombo kinachoizunguka dunia. Kwa heshima ya sikukuu hiyo na ya wenyeji, ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kuitafuta miale ya eksirei angani, jamii ya miale ile ile inayotumiwa hospitalini kuona mifupa, na ilipata vyanzo zaidi ya 300. Walirushia Malindi kwa sababu ni karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia hukisukuma kinachorushwa kuelekea mashariki zaidi kuliko mahali pengine popote.

Vya kuacha

Hapa sina mjadala.

- Baluni zisizopulizwa na vipande vya zilizopasuka visiachwe chini penye watoto wadogo. Humezwa, huziba koo. Mkubwa mmoja awe na kazi hiyo tu.
- Betri ndogo za duara na sumaku ndogo zisiwepo kabisa. Zikimezwa hudhuru matumbo vibaya sana.
- Maji ya moto, kisu na kiberiti hushikwa na mtu mzima.
- Spiriti, dawa za choo na chochote cha kusafishia kisicho sabuni ya vyombo kibaki kwenye kabati lililofungwa.
- Kilicho kwenye meza ya majaribio hakiliwi. Aiskrimu iliwe kwenye meza nyingine, baada ya kunawa.

Na watoto wasizidi kumi, au kama wanazidi, kila watano wawe na mkubwa wao.

Saa na mvua

Huku kwetu mvua ya kati ya Machi na Septemba hupenda kushuka alasiri, mara nyingine na mawe. Ukianza saa nane, povu lako litaogea uani. Anza saa nne na nusu asubuhi, umalize saa nane. Mawe ya mvua yakikukuta hata hivyo, yakusanye kwenye sahani, ukate moja kwa kisu: ndani lina duara za weupe na uangavu, tabaka juu ya tabaka, kama kitunguu.

Kuanza mapema kunakupa na jaribio lisilohitaji kazi. Chomeka kijiti wima kwenye nyasi. Kila nusu saa mtoto mmoja aweke kokoto kwenye ncha ya kivuli. Watakisia kwamba kivuli kitakuwa kifupi kabisa saa sita mchana, na watakosea. Eldoret kivuli kifupi huja kati ya saa sita na dakika ishirini na saa saba kasoro dakika chache, kutegemea mwezi. Saa zetu za Afrika Mashariki zimepangwa kwa mstari unaopita karibu na Mogadishu, na jua likishakuwa utosini mwa Mogadishu hulazimika kusafiri kidogo hadi litufikie. Mwezi wa Machi na Septemba, jua likivuka ikweta, kivuli hicho karibu kinatoweka chini ya kijiti.

Maji ya kummwagia mwenye siku

Tunajua sote kinachofuata baada ya keki. Mtu mmoja amekwisha kuficha ndoo nyuma ya nyumba, na mwenye siku yake lazima alowe. Hili nililiwekea chupa.

Chukua chupa ya plastiki ya nusu lita. Kwa pini, toboa matundu madogo sita karibu na kitako. Izamishe kwenye beseni hadi ijae, uifunge kifuniko ikiwa bado ndani ya maji, kisha uinyanyue. Haitoki hata tone, kwa kuwa hewa ya nje inayasukuma maji kwenye matundu, na kifuniko kimezuia hewa isiingie kutoka juu. Fungua kifuniko, matundu yote sita yanamwaga.

Niliwapa watoto chupa hiyo bila kueleza. Nilimwambia binti yangu asimame katikati, nikamwambia mmoja wao aiinue chupa juu ya kichwa cha binti yangu. Maji hayakutoka. Wakainama kuchungulia matundu, wakaitikisa, wakaifinya kidogo, wakatema nadharia tete kila mmoja na yake. Binti yangu alisimama pale chini ya chupa, macho juu, anakisia. Kisha akanyoosha mkono akashika kifuniko.

"Subiri," akawaambia wenzake. "Nadhani ni hapa."

Akakizungusha mwenyewe.